Ile albamu ya Neil Young mliyoiruka

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naandika hapa gazeti lenu la Jumapili iliyopita likiwa mapajani, ule ukurasa wa wanamuziki wa zamani, na kwanza nishukuru maana kukuta nusu ukurasa wa Neil Young, yule mwimbaji wa roki kutoka Kanada, kwenye gazeti la Kiswahili ni sawa na kuokota noti njiani. Mmemwandika vizuri, Harvest ya 1972 mmeisifia, mkataja "Heart of Gold" ilivyoshika namba 1 kule Marekani, mkaenda nayo mpaka Rust Never Sleeps ya 1979, alafu ghafla bin vuu tupo 1989 kwenye "Rockin' in the Free World". Sasa hiyo miaka 10 ya katikati imeenda wapi bwana? Mwandishi wenu kaimaliza kwa sentensi moja tu, eti hapo mzee alipotea kidogo kwenye mambo ya kompyuta. Hiyo sentensi ndo imenikalisha mezani usiku huu, mama watoto ananiita nikalale mi naandika.

Hayo mambo ya kompyuta yana jina. Ni albamu, inaitwa Trans, ilitoka mwishoni mwa 1982 kuingia Januari 1983, na nitasema wazi kabisa mnicheke mkitaka, katika kazi zote za yule mzee hiyo ndo niliyoisikiliza mara nyingi kuliko zote. Ingawa nusu ya mara hizo nilikuwa sijui nasikiliza nini.

Mimi ni fundi redio wa hapa Tanga, nimestaafu, kama fundi anastaafu kweli maana majirani bado wanabisha hodi na feni. 1984 kaka yangu mkubwa alikuwa baharia, meli yao inapita Hamburg, inapita Rotterdam, na kila akirudi anakuja na sabuni (enzi zile sabuni yenyewe ilikuwa ya kupangia foleni), betri, na kaseti mbili tatu. Alijua mi ni mtu wa Neil Young tangu Harvest, gitaa kavu, filimbi ya mdomo, ile sauti yake nyembamba ya kama mtu anayetaka kulia lakini anaona haya. Akanirushia hiyo kaseti akasema shika, mpya ya mtu wako.

Nikaiweka kwenye redio kaseti pale kibandani. Wimbo wa kwanza shwari, gitaa, sauti yenyewe, nikasema huyu ndo mwenyewe. Wimbo wa pili ukaingia nikaizima haraka. Nilijua redio inameza mkanda! Sauti ya mtu ilikuwa inatoka kama imepita kwenye bomba la maji, maneno hayashikiki, juu chini juu chini. Nikafungua kifuniko, nikachukua pamba na spiriti nikasafisha hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, nikakagua ule mpira wa kuzungusha kama umelegea, nikakagua rola, kila kitu kizima. Nikaweka kaseti nyingine, inaimba safi. Nikarudisha ya Young, kulekule kwenye bomba. Kaka kakaa kwenye benchi anacheka mpaka machozi maana yeye alishaisikia melini na alikuwa anasubiri tu kuniona nahangaika na bisibisi.

Basi ile kaseti ikawa ya kazi. Nilikuwa naitumia kupimia spika maana ina sauti za juu kabisa na za chini kabisa, ukiiweka unajua papo hapo spika ipi imechanika. Shida ni wateja, nishamaliza kutengeneza redio namwekea asikie, anasema fundi bado mbovu hii. Nilipoteza hela kwa sababu ya Neil Young, hilo nalo lirekodiwe.

Sasa twende kwenye chombo chenyewe maana hapo ndo fundi anasikia raha. Ile sauti inatoka kwenye mashine inaitwa vokoda. Siyo ototyuni, vijana wanachanganya sana hapa, ototyuni imekuja 1997 na kazi yake kuu ni kuinyoosha sauti ikae kwenye noti, ndo hiyo mnayoisikia kwenye Bongo Fleva kuanzia asubuhi mpaka usiku na hakuna mtu anayesema msanii kapotea. Vokoda ni kitu kingine. Unaongea kwenye maiki, yenyewe inaipasua sauti yako vipande vipande kwa kimo, inachukua umbo la maneno tu alafu umbo hilo inalivisha mlio wa kibodi. Yani mdomo ni wako lakini koo ni la mashine. Na asili yake wala siyo muziki, ilianzia kwenye maabara za simu za Bell kule Marekani miaka ya 1930, wakati wa vita ya pili ikatumika ndani ya mtambo wa kuficha mazungumzo ya wakubwa wa Marekani na Uingereza ili mdakuzi akinasa laini asiambulie neno. Likae kichwani hilo, mashine iliyowahi kuajiriwa kuficha maneno. Tutalirudia.

Wakati huo Ulaya na Marekani kulikuwa na wimbi la vijana wa sinthesaiza, vile vinanda vya umeme, wenyewe waliliita nyu wevu. Wajerumani wa Kraftwerk walishafungua njia zamani, kina Devo walikuwa wanavaa mavazi ya ajabuajabu na kuimba kama maroboti, na Young alikuwa rafiki wa hao Devo kiasi kwamba aliwatia kwenye filamu yake ya Human Highway ya 1982. Kwahiyo hakuamka asubuhi moja akakanyaga waya wa kompyuta kwa bahati mbaya. Alikuwa anawasikiliza vijana, jambo ambalo wazee wenzake wengi wa roki walikuwa wanalikebehi. Na huyo tunayemwita mzee alikuwa na miaka 37! Ila kwenye roki ya siku zile 37 ulikuwa babu.

Hapa kwetu tunalijua hili. Black Star walipoingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarab hapahapa Tanga, nakumbuka marehemu mjomba wangu alivyokuwa analalamika barazani kwamba hiyo siyo taarab, ni dansi limevaa kanga. Miaka ikaenda, kikaja kibodi, walewale waliokuwa wanaserebuka na Black Star wakawa wao ndo wanalalamika. Ndo zamu zilivyo.

Lakini nilikuwa bado sijaielewa hiyo albamu. Niliipenda kama unavyompenda jirani mwehu. Nilikuja kuielewa zaidi ya miaka 25 baadaye na sababu yake ilikuwa ya uchungu.

Binti yangu alijifungua mtoto wa kiume, uzazi ulikuwa mgumu sana, na mtoto alipofika miezi nane hajaweza kushika shingo tukaambiwa ana mtindio wa ubongo. Wengine mnalijua hilo neno, wengine mtalijua siku likiingia nyumbani kwenu. Basi nyumba nzima ikawa inatafuta, huyu kasikia dawa sehemu fulani, yule anasema karogwa, mi kijana wangu aliniwekea intaneti kwenye simu nikawa natafuta humo usiku. Nikakutana na shule moja huko Kalifonia inaitwa Bridge School, inafundisha watoto wasioweza kusema jinsi ya kuwasiliana kwa vifaa, kwa picha, kwa vitufe, kwa kompyuta. Nasoma nani kaianzisha, naona Pegi Young na wenzake, 1986. Young? Nasoma mbele, mume wake Neil. Nikakaa wima kitandani.

Kumbe yule jamaa ana watoto wawili wa kiume, Zeke na Ben, kila mmoja na mama yake, na wote wawili wana mtindio wa ubongo. Ben aliyezaliwa 1978 ndo hali yake nzito zaidi, hatembei, hasemi. Na miaka ileile kabla ya Trans, baba na mama walikuwa nyumbani wanamfanyia mtoto mazoezi ya viungo kutwa, siku zote za wiki, wanamshika mikono na miguu na kumwonyesha namna ya kutambaa. Hakutangaza. Watu wanajiuliza mbona Young siku hizi haendi kwenye matamasha, mbona albamu zinatoka fupifupi na zimekaa kama mtu ana haraka, kumbe mtu anawahi kurudi kumgeuza mtoto.

Sasa rudi kwenye vokoda. Mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba Trans inahusu mawasiliano, kuongea usifike, kwamba wewe msikilizaji huelewi maneno yake humo kama yeye asivyoelewa maneno ya mwanawe. Basi! Mi nilisafisha hedi ya kaseti kwa spiriti ili nielewe maneno, na yule mtu aliyaficha makusudi, kwa mashine iliyowahi kufanya kazi hiyohiyo vitani. Nilichukua tochi nikaenda kwenye boksi la kaseti usiku uleule.

"Transformer Man" ndo wimbo wenyewe. Dakika 3 na kidogo. Sauti kaipandisha juu sana mpaka inakuwa ya kitoto, inaelea, huku chini midundo inatembea taratibu kama gurudumu. Ukibahatika kuyanasa maneno utasikia habari za kitufe, mtu anabonyeza kitufe na vitu vinatii. Mimi nilidhani ni hadithi ya roboti. Kumbe Ben alikuwa anafundishwa kubonyeza kitufe ili aweze kuendesha treni ya kuchezea, na baba mtu alikuwa fundi wa hayo mambo kwelikweli, alikuja kutengeneza vidhibiti vya treni kwa ajili ya mwanawe mpaka akaishia kuwa mmoja wa wamiliki wa kampuni ya treni za kuchezea ya Lionel. Na alikuwa na wazo la kutengeneza video za albamu nzima, watu wenye sauti za mashine wapo hospitali na kazi yao moja tu ni kumfundisha mtoto mdogo abonyeze kitufe. Video hazikutengenezwa, hela haikutoka. Fikiria zingetoka, nani angecheka?

Badala yake watu walicheka. Sikatai kwamba hata wasiocheka walikuwa na haki ya kuchanganyikiwa, maana kapeleka nyimbo hizo Ulaya 1982 kabla albamu haijatoka, watu wamelipa kiingilio waje wasikie gitaa kavu, wanakuta mtu kavaa miwani myeusi anaongea kama saa ya ukutani. Kuna rekodi ya Berlin ya safari ile, itafuteni, ile bendi inapiga kweli, mpiga gitaa Nils Lofgren yupo humo.

Alafu ikaja kesi, na hii mwandishi wenu angeiweka tu hata kwa utamu wake. Lebo yake mpya, yani kampuni ya kutoa santuri zake, ya Geffen, iliyomchukua kwa mkataba wa kumwachia uhuru afanye anachotaka, ilimpeleka mahakamani 1983 baada ya Trans na ile iliyofuata ya rokabili, yani roki ya kizamani, wakidai zaidi ya dola milioni 3 kwa hoja kwamba muziki anaowaletea haufanani na yeye. Neil Young anashtakiwa kwa kutokuwa Neil Young! Naye akafungua yake ya kudai. Baadaye yakaisha na bosi wa lebo akaomba radhi. Mi hiyo nikiwasimulia wazee wenzangu kwenye kahawa hakuna anayeniamini.

Nisije nikaonekana shabiki kipofu, albamu ina nyufa. Nyimbo ni 9, na 3 kati ya hizo hazina vokoda kabisa, zilitoka kwenye kazi nyingine aliyorekodi Hawaii ambayo lebo hawakuitaka, akazichomoa na kuzipachika huku. "Hold On to Your Love" ni wa kawaida mno, ungeweza kuimbwa na yeyote, mi huwa naenda kunywa maji. Hata karatasi ya maneno ya nyimbo iliyokuja na santuri ilikuwa na wimbo ambao kwenye santuri yenyewe haumo, uliondolewa dakika za mwisho, yani kazi ilitoka jikoni bado inafuka moshi. Lakini "Computer Cowboy" na wale ng'ombe wake wa namba ni kichekesho kizito. Na "Sample and Hold", humo watu wanaagiza mwenzi kama unavyoagiza spea, nywele za namna hii, macho ya namna hii. Mafundi wenzangu jina hilo tunalijua, ni saketi inayonasa volti ya sekunde ileile na kuishikilia isitoroke mpaka ipimwe. Sijui kama alilichagua kwa sababu ya mtoto lakini mi kila nikilisikia nawaza ile nusu sekunde mjukuu wangu anapokutazama usoni kabla kichwa hakijaanguka pembeni.

Anayedhani nyimbo hizi zilikuwa mbwembwe za mitambo tu akasikilize ile rekodi ya Unplugged ya 1993. Pale aliirudia "Transformer Man" bila mtambo wowote, vyombo vya kawaida na sauti za kusindikiza, polepole. Wimbo uleule. Sasa maneno yanasikika yote na ni wimbo wa kumbembeleza mtoto. Ulikuwa hivyo siku zote.

Na kwenye zile shoo za kuchangia Bridge School, zilizoendelea tangu 1986 mpaka 2016, wanafunzi walikuwa wanakaa palepale jukwaani nyuma ya wanamuziki, kwenye viti vyao vya magurudumu, msanii mkubwa akitaka kuwaona inabidi aupe umati mgongo. Mi nimeona picha zake. Nyingine msanii kageuka kabisa anaimbia nyuma.

Huku kwangu hamna shule hiyo. Ila nilichukua kitufe cha kengele ya mlangoni, kile kikubwa cheupe, nikakiunga waya kwa risasi mpaka kwenye redio kaseti ya zamani, mjukuu akikigonga kwa upande wa kiganja mkanda unazunguka, akiachia unasimama. Nilikifunga kwenye kipande cha mbao na mpira wa baiskeli kisiteleze. Ilichukua karibu miezi mitatu. Wiki za mwanzo anakigonga kwa bahati tu, mama yake anasema baba usijipe moyo. Siku moja akagonga, muziki ukalia, akaachia, ukanyamaza, akanitazama, akagonga tena. Tukapigiana hiyo gonga nyamaza mpaka magharibi, chai ikapoa, mteja wa feni kasubiri mlangoni kaondoka.

Kaseti iliyokuwa ndani mnaijua. Anapenda upande wa pili zaidi, wimbo wa mwisho, "Like an Inca", ule mrefu wa zaidi ya dakika 8. Sasa hapo pana kasoro moja, mwaka 1987 hivi bibi yake alikuwa anataka kunasa taarab redioni akachukua kaseti ya kwanza aliyoiona, kwahiyo Young akifika kama dakika ya tatu anakatwa katikati ya neno na taarab inaingia na fidla zake, sauti ya bibi mwenyewe ikisema "nyamazeni nyie" kwa mbali. Niligomba sana siku ile. Juzi kijana wangu kautafuta wimbo mzima kwenye simu, safi, hauna mkwaruzo, akauunganisha na kitufe ili mpwa wake naye ausikie mpaka mwisho. Ukafika dakika ya tatu, ukapita, mtoto akaacha kugonga. Akaangalia simu. Akaanza kulia kwa hasira, miguu inapiga kiti, hakuna aliyejua anataka nini mpaka bibi yake akatoka jikoni na mwiko mkononi akasema, mrudishieni taarab yake.

Fundi redio mstaafu,
Tanga